Dada, "Acha Tu" Yako Inafumua Kazi ya Wiki Tatu

 Leo sikuja na mapishi wala mtindo wa mtandio. Nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa sisi kwa sisi, wanawake kwa wanawake.

Wiki iliyopita, baada ya sala ya isha, nilikaa barazani kwangu hapa Bagamoyo nikafumua blanketi la mtoto. Halikuwa na kosa hata moja. Lilikuwa la mawimbi, rangi ya maziwa na kijani, na kwenye kona ya chini lilikuwa na herufi mbili, ya jina la mama na ya jina la baba. Binti yangu anavuta uzi, mimi nazungusha bonge. Kulifuma kulichukua wiki tatu. Kulifumua kuliisha kabla binti yangu hajaanza kusinzia. Akaniuliza, "Mama, kwani tumekosea wapi?" Ana miaka tisa. Sikuwa na la kumjibu.

Jibu nawapa ninyi, maana ninyi ni watu wazima.

Mwenye blanketi ni dada niliyemshonea gauni la harusi Mfunguo Mosi. Mungu akamjaalia, akapata ujauzito, akaniandikia anataka blanketi la kumtolea mtoto arobaini ikifika. Alichagua rangi mwenyewe. Alichagua mshono mwenyewe, akanitumia picha na sauti tatu za WhatsApp kunieleza mawimbi yaweje. Herufi alizitaka yeye. Nilipomwomba hela ya uzi itangulie akacheka, "Dada, mimi na wewe tena?" Nikaona haya. Nikanunua uzi kwa hela yangu, kazi ikaanza.

Siku ya ishirini na moja akanitumia picha ya blanketi la manyoya, lile linalokuja kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu. Chini yake ameandika: "Nimepata hili kwa elfu kumi na tano. Hilo la kwako acha tu." Akaweka na kiuso cha kucheka.

Acha tu. Maneno mawili, herufi sita.

Mtu atasema, si ungeuza kwa mwingine? Nani atanunua blanketi lenye herufi za mume wa mtu? Basi si ungefumua kona tu? Hapo ndipo inapojulikana kwamba wengi tunaagiza kazi tusiyoijua. Blanketi la sindano mbili hufumuliwa kuanzia juu, pale ulipomalizia. Herufi zilikuwa chini, kwenye mistari ya kuanzia. Ili kuzifikia, lazima kila kitu kilicho juu yake kiondoke.

Aya ya mwanamke na uzi wake

Katika Suratun-Nahl, aya ya 92, Mwenyezi Mungu anatukataza tusiwe mfano wa mwanamke anayeuvuruga uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Wapo wafasiri wanaosimulia kwamba alikuwapo mwanamke wa Makka, akisokota kutwa na jioni akifumua. Tukiwa darasani tunaisikia aya hii tunamcheka yule mwanamke, tunasema hana akili.

Lakini aya hiyo inazungumzia ahadi. Uzi ni mfano tu wa mtu anayefunga ahadi kisha akaivunja. Sasa tazama tunavyofanya. Yule wa Makka alikuwa akifumua kazi ya mikono yake mwenyewe. Sisi tunakaa kwenye kochi, feni inazunguka, tunamfumulisha mwanamke mwenzetu kazi yake kwa kidole gumba. Yupi hapo aliyezidi kukosa akili? Na yupi aliyedhulumu?

Ahadi ni deni, tunasema tangu utotoni. Na Qur'ani haikulifanya deni jambo dogo. Aya ndefu kuliko zote, ya 282 ya Suratul-Baqara, inafundisha namna ya kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Suratul-Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba. Dada anayekataa kupokea soda mkono wa kushoto, mbona oda ya blanketi anaivunja bila hata kusema samahani?

"Si uzi tu huo?"

Hili neno nimelisikia mpaka limeniota usaha. Basi leo tulifungue hilo blanketi tuone kilichomo.

Ufumaji wote wa sindano mbili umetoka kwenye vitanzi viwili tu. Kimoja unakichukua uzi ukiwa nyuma ya sindano, cha pili unakichukua uzi ukiwa mbele. Mishono yote unayoiona kwenye picha ni namna ya kuvipanga hivyo viwili, kuviunganisha, kuviruka au kuvipishanisha. Ni kama kanga, rangi ni zilezile chache lakini miji haifanani.

Ukifuma kitanzi cha aina moja kila mstari, unapata matuta pande zote mbili. Huo ndio mshono wa mwanafunzi. Unalala vizuri, haujikunji, na usiudharau, maana ndio tunaoufumia pindo za mishono mingine yote. Ukifuma mstari mmoja mbele na wa kurudi nyuma, upande wa juu unakuwa laini kama sweta ya dukani, lakini blanketi linajikunja pembeni kama jamvi jipya. Ndiyo maana fundi anayejua hakupi huo bila pindo.

Kuna ule sisi tunaouita mtama. Kimoja mbele, kimoja nyuma, na mstari unaofuata unageuza, panapatikana punje punje. Ni mzuri sana kwa mtoto kwa sababu pande zote mbili ziko sawa. Lakini kila kitanzi unarudisha uzi mbele, unaupeleka nyuma, unaurudisha tena. Mkono unachoka mara mbili. Kuna kikapu, miraba inayopishana kama ukili kwenye mkeka. Kuna kamba, ambayo unaviazima vitanzi kadhaa kwenye sindano ya tatu, unavuka juu yake, kisha unavirudisha. Kamba inavuta blanketi, inalibana, kwa hiyo inakula uzi zaidi kwa upana uleule.

Na kuna mawimbi, mnayoyapenda wote. Wimbi moja linataka vitanzi 18. Ndani ya hivyo 18, kwenye mstari wa matundu, unaunganisha vitanzi viwili viwili mara sita, na unazaa vitanzi vipya sita kwa kuzungusha uzi kwenye sindano. Sita vinakwenda, sita vinakuja. Mawimbi manane ni vitanzi 144, ongeza vitatu vya pindo kila upande, jumla 150. Ukisahau kuzungusha uzi mara moja tu, mtoto analia, maharage yanaungua, umegeuka kidogo, basi hesabu imekataa na wimbi limepinda. Unarudi nyuma kitanzi kwa kitanzi.

Ndiyo mshono mzuri kwa pwani yetu. Una matundu madogo, joto linatoka, na usiku wa masika au upepo wa kusi ukivuma mtoto anasitirika. Wewe unataka mawimbi kwa bei ya mshono wa mwanafunzi, kisha unasema ni uzi tu.

Hesabu ya wazi

Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaenda kozi ya ushonaji. Hesabu za juu sizijui, lakini hii naijua.

Chukua blanketi dogo la mtoto, sentimita 75 kwa 75, la ule mshono rahisi wa matuta. Kwa sindano ninazotumia ni vitanzi 150 kwenda upana, na mistari kama 300 kwenda juu. Zidisha. Vitanzi 45,000. Mfumaji mzuri asiyesumbuliwa anafuma kama vitanzi 25 kwa dakika. Hizo ni dakika 1,800, yaani saa 30. Na mimi simjui mwanamke wa hapa asiyesumbuliwa. Kwa hiyo saa 30 hizo zinavunjwa vunjwa kati ya sala, watoto, jiko na foleni ya maji, ndiyo zinakuwa wiki tatu.

Uzi ni mabonge manne. Mara ya mwisho Kariakoo nilinunua bonge kwa shilingi 3,500, kwa hiyo uzi peke yake ni 14,000. Sijaweka nauli ya kutoka Bagamoyo.

Sasa njoo na elfu kumi na tano yako. Toa kumi na nne ya uzi. Imebaki elfu moja. Igawe kwa saa 30. Dada yangu, hiyo ni shilingi 33 kwa saa. Leo ukimpa mtoto shilingi 33 akanunue pipi atakuuliza kama unamtania.

Kwa hiyo nikikutajia 45,000, usiniulize kama nina roho ya kuibia watu.

Majibu yenu nayajua

"Mbona la dukani ni bei ndogo?" Ni kweli. Limetoka kiwandani, mashine imelitema pamoja na maelfu mengine. Kulinunua si haramu wala si aibu. Kama mfuko unasema la dukani, nenda dukani kwa amani, mtoto atalala na usingizi wake utakuwa uleule. Ninachokukataza ni kuagiza la mkono, kisha katikati ya safari kulipima kwa bei ya mashine. Ulipima wapi siku ya kwanza?

"Lakini uzi wenu nao si pamba." Kweli tena. Mwingi ninaoupata mimi ni akriliki ya kutoka nje, ingawa pamba inalimwa hapahapa nchini, Simiyu na Shinyanga. Wa pamba ukipatikana una bei yake. Fundi mwaminifu akuambie kabla, na wewe uchague kabla. Ngozi ya mtoto wako ni haki yako kuiulizia.

"Mafundi nao ni waongo, wanachelewesha." Hapo naweka mikono juu. Mimi mwenyewe nimeshamwambia mtu "njoo kesho" na nguo sijaikata. Sikukuu ngapi watu wamevaa nguo ambazo pindo zimekunjwa kwa pini kwa sababu ya sisi mafundi? Hilo nalo ni kuvunja ahadi, na aya ni ileile. Lakini dawa ya fundi mwongo ni kuandikiana tarehe. Uongo wake haukuhalalishii wa kwako.

"Nilikuwa nataka kumsaidia tu." Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mwanamke anayefuma anauza kazi, haombi. Bibi Zainab bint Jahsh, mke wa Mtume (S.A.W.), alikuwa mwanamke wa kazi za mikono, akitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akikitoa sadaka. Mama wa Waumini huyo. Mikono ya kazi ndiyo iliyokuwa inatoa. Ukitaka kutoa sadaka, toa, Mungu akulipe. Ukinunua, nunua. Usichanganye viwili, ukalipa nusu bei halafu ukajihesabia thawabu.

Na angalieni wanaume wanavyofanya. Mwenye jahazi akienda kwa fundi pale ufukweni, anatanguliza hela ya mbao. Mwenye nyumba akitaka mlango wa kuchonga, anatanguliza. Hakuna anayerudi mlango umefika nusu akasema "nimeona wa bati, huo acha tu." Kwa nini kazi ikiwa ya mwanamke, imefumwa akiwa amekaa mkekani, inaonekana haina gharama?

Na mimi nimo

Ningeishia hapo ningekuwa mnafiki.

Si mimi ninayefuma kila blanketi. Mimi nina cherehani, nina simu na nina wateja. Mablanketi mengi anafuma bibi mmoja upande wa Kaole, ndiye aliyenifundisha mawimbi na kikapu. Macho yake yamepungua lakini vidole vinajua njia.

Mwaka juzi mteja mwingine aliniambia acha tu. Unajua nilifanya nini? Nilikwenda kwa bibi nikamwambia vilevile. "Bibi, mteja kasema acha tu." Blanketi lilikuwa limebakia pindo. Sikumlipa. Nilijiambia kwamba mimi nami sikulipwa, sasa nimlipe na nini?

Baada ya siku mbili bibi alikuja kwangu kwa miguu. Amebeba mabonge manne ndani ya kanga, yamezungushwa vizuri. Akayaweka mezani, moja moja. Akasema, "Uzi wako huu, mwanangu, umerudi wote. Na mimi nirudishiwe nini?"

Nilimkaribisha chai, akasema amefunga. Ilikuwa Alhamisi. Akaondoka.

Dada zangu, ile njia ya kutoka kwangu hadi kwao niliipita usiku ule kichwani mara nyingi. Mteja alinidhulumu, nami nikaipokea dhulma nikaipeleka kwa aliye chini yangu, nikaona imeniishia mikononi. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. La bibi lilikauka, akafumua, likatoka tena.

Asubuhi nilikwenda nikamlipa, nikamwomba radhi. Alisamehe, Mungu amlipe. Ila tangu siku hiyo hanifumii kitu kabla sijaweka nusu ya ujira wake mkononi, na yuko sahihi. Hili la juzi la mawimbi nilimlipa ujira wote hata mteja alipokimbia. Ndiyo maana safari hii nilikaa kulifumua mwenyewe. Na uzi uliofumuliwa haurudi kuwa mpya. Unakuwa na mikunjo kama nywele zilizofumuliwa misuko. Nitaulowesha, nitauanika, utafaa kofia na soksi, lakini hautafaa blanketi la zawadi.

Tufanye hivi

Hapa kwangu, kuanzia mwezi huu, hakuna "mimi na wewe tena". Undugu ubaki kwenye mialiko na kwenye misiba.

Ukiagiza, hela ya uzi na nusu ya ujira zinatangulia. Masheikh wakiulizwa watakueleza kwamba katika bei ya salam, unayonunulia kitu ambacho bado hakijakuwapo, fikihi yetu ya Kishafi'i inataka thamani yote itangulie papo hapo. Waulizeni, msinichukue mimi kuwa mufti. Mimi ni fundi tu, ninachokiona ni kwamba waliotutangulia hawakuliona jambo la kutanguliza kuwa ni la kukosa imani na mtu.

Tutaandikiana mshono, rangi, ukubwa, siku ya kukabidhi. Nitakufumia kwanza kipande cha upana wa kiganja, ukione na ukiguse. Hapo, na kabla ya hapo, una ruhusa kamili ya kusema sikitaki, na utalipa kipande hicho tu. Kikishapita, tumefungana. Nikichelewa kwa uzembe wangu, nakupunguzia. Ukiacha katikati, kilichotangulia ni cha aliyefuma.

Kwa wewe bi harusi unayesoma huku mkono una hina bado, najua unapanga sanduku, na Inshallah kesho utapanga na vya mtoto. Jua mfuko wako mapema. Kama una elfu ishirini, sema elfu ishirini, fundi atakutafutia blanketi dogo la matuta lenye pindo moja ya rangi, zuri na la heshima. Hakuna fundi anayechukia mteja mwenye hela ndogo. Tunachokichoka ni mteja mwenye maneno makubwa.

Na yule dada wa mawimbi, kama unasoma hapa, sijakutaja na sitakutaja. Sina kinyongo, na nakuombea ujifungue salama. Uzi wako umeanikwa kwenye kamba uani kwangu, wa maziwa na wa kijani. Ukijifungua nitamfumia mtoto kofia ya mtama kwa uzi huohuo, bure, zawadi yangu. Zawadi naijua nikiitoa.

Ila ujira wa bibi ni deni lako bado. Elfu ishirini. Nililipa mimi kwa niaba yako, na Siku ya Malipo nisingependa tukutane kwa sababu ya vitanzi.

Wabillahi tawfiq.